Utani Bila Mtani

Katika Rocket League, mchezo wa soka la magari uliotoka mwaka 2015, mchezaji hahitaji kuandika kitu. Anabonyeza vitufe viwili tu, na sentensi iliyoandaliwa na watengenezaji inatokea kwenye kioo cha kila mtu: asante, samahani, shuti zuri, umeokoa kweli. Hiyo ya mwisho iliwekwa ili umpongeze mwenzako aliyezuia bao. Sasa subiri mtu aukose mpira unaojikokota kuelekea langoni, mpira ambao hata mdogo wake wa chekechea angeuzuia. Hapo ndipo pongezi zinapomiminika. Umeokoa kweli! Umeokoa kweli! Umeokoa kweli! Zikizidi, mfumo unamfunga mpongezaji mdomo kwa sekunde chache. Sekunde zikiisha, anaendelea alipoishia.

Tusi hapo halipo. Aliyekerwa akitaka kushtaki, ushahidi alionao ni sentensi ya adabu iliyotungwa na kampuni yenyewe. Waliokulia pwani hawatashangaa, maana taarabu ya mipasho imeishi kwa ufundi huohuo: mwimbaji hataji jina, anasifu na kushukuru, na anayehusika anajijua alipokaa. Ila mpasho unataka ukumbi wa watu wanaofahamiana, wanaojua nani alimfanyia nani nini. Kwenye Rocket League mpongezaji hakujui, na mechi ya dakika tano ikiisha hatakukumbuka tena.

Kwa zaidi ya miaka kumi kampuni za michezo zimekuwa zikifukuzana na kero za namna hii, na mbio zenyewe zinafundisha kuliko orodha yoyote ya maneno yanayoudhi. Hearthstone, mchezo wa karata wa Blizzard, ulimnyima mchezaji kabisa uwezo wa kumwandikia mpinzani asiyemfahamu. Alipewa kauli sita za kubonyeza, basi. Mwaka 2016 kauli ya samahani ikaondolewa, kwa kuwa waliokuwa wakiitumia kuomba radhi walikuwa wachache. Ilibonyezwa pale mtu anapokaribia kukumaliza. Mahali pake pakawekwa kauli ya mshangao, na wachezaji wakaanza kushangaa kwa dharau.

Mwaka huohuo Blizzard walikuwa na shida nyingine kwenye mchezo wao mwingine, Overwatch. Kuna herufi mbili, GG, kifupi cha Kiingereza cha kusema mchezo ulikuwa mzuri. Wachezaji wa StarCraft, mchezo wa mwaka 1998 uliopata umaarufu mkubwa Korea Kusini hadi mechi zake zikaonyeshwa kwenye runinga, walizifanya kuwa tamko la kukubali kushindwa: aliyezidiwa anaandika GG, anatoka, heshima imebaki. Kizazi kilichofuata kikaongeza EZ, yaani rahisi, na sasa ni mshindi ndiye anayeandika. Blizzard wakaamua kwamba yeyote atakayeandika maneno hayo mawili kwa pamoja, ujumbe wake utabadilishwa na mfumo uwe sentensi ya kitoto, kama ile ya kuomba asisemewe kwa mama kwamba muda wake wa kulala umepita. Watu walicheka. Halafu wakaanza kuandika GG EZ makusudi ili wazione sentensi zote.

Kwa mashabiki wa soka mfano ulio karibu zaidi ni FIFA 21. EA Sports walipoitoa mwaka 2020 waliondoa ushangiliaji wa kuweka kidole mdomoni, ule wa kumwambia mpinzani anyamaze, pamoja na ule wa vidole jichoni uliotambulishwa na mchezaji Dele Alli, na wakapunguza muda unaopotea baada ya bao. Ilikuwa hatua nzuri. FIFA 23 ikaja na dansi ya Griddy, na waliofungwa wakapata kitu kipya cha kuchukia. Vilevile, mambo haya hayabaki kwenye vioo. Dansi ya mchezo wa Fortnite ya kuweka herufi L kwenye paji la uso, kumwonyesha mwenzako kwamba kashindwa, ilifika fainali ya Kombe la Dunia mwaka 2018 pale Antoine Griezmann alipoicheza baada ya penalti yake dhidi ya Croatia.

Ukiyaweka yote hayo pamoja unaona kwamba kuondoa neno hakujamzuia mtu. Ukimnyang'anya samahani anachukua mshangao. Wenye kulalamikia lugha ya vijana wa gemu, na mara nyingi ni sisi tuliozidi umri, tunaishika shida mahali isipo. Kuitwa nubu hakumuui mtu. Kila kazi ina jina lake la kumwita mgeni, na fundi gereji anayemtuma kijana mpya kutafuta spana isiyokuwepo anafanya jambo lilelile. Kuitwa boti, kwamba unacheza kama mashine, kunachekesha mara ya kwanza na kuchosha mara ya mia. Neno kempa, la kumsema anayejificha ndani ya nyumba akisubiri wapitao, silielewi hata kidogo: kujificha ni mbinu, na anayelalamika ni yule aliyekwisha kupigwa risasi. Kejeli nyingine ziliwekwa na watengenezaji wenyewe. Age of Empires II ya mwaka 1999 ilikuja na sauti za kumkebehi mpinzani, kila moja na namba yake. Ukiandika 11 kinasikika kicheko, na wakongwe wa mchezo huo mpaka leo wanaandika 11 pale wengine wanapoweka vikatuni vya kucheka.

Kauli moja naiweka kando, ile ya kumjibu kila mwenye malalamiko kwamba tatizo ni uwezo wake. Inakera kwa sababu inafunga mlango. Mtu anasema silaha fulani ina nguvu kupita kiasi, anajibiwa uwezo wako mdogo. Anasema mtandao umekata, anajibiwa vilevile. Hata pale anapokuwa na haki hakuna wa kumsikiliza.

Kinachonivutia zaidi ni kwamba maneno makali kuliko hayo yote yanasemwa kila jioni kwenye mabanda ya gemu, kuanzia Mwananyamala ya Dar es Salaam hadi Kayole ya Nairobi, na watu wanarudi kesho yake. Runinga moja, pedi mbili, benchi la wanaosubiri zamu. Anayefungwa anapisha.

"Dogo, shika pedi vizuri, usije ukasema umeonewa."

"Kaka, hii pedi kitufe cha pasi hakifanyi kazi."

"Kimeacha kufanya kazi lini? Kabla ya bao la pili au baada?"

Benchi zima linaangua kicheko. Dogo amedhalilishwa mbele za watu, na bao la tatu litakapoingia atadhalilishwa zaidi, maana kila aliye kwenye benchi ni kocha: piga, toa pasi, ona sasa, si nilikwambia. Kero za mtandaoni zote zimo humo ndani. Yumo anayerudia kuangalia bao lake mpaka mwisho, yumo anayezungusha mpira kwa mabeki dakika za mwisho, yumo anayesimamisha mechi akijidai anapokea simu. Lakini kaka naye ana hesabu zake. Dogo huyu anaishi nyumba ya tatu, wiki ijayo atakuwa kajifunza, na benchi linaloshuhudia leo ndilo litakaloshuhudia siku hiyo. Mpaka upo pia. Tusi la mama likitoka, mwenye banda anazima mashine, na hela ya mechi hairudi.

Utani wa asili wa kwetu ulifanya kazi hivyo. Wangoni na Wahehe walipigana vita vikali karne ya kumi na tisa kabla ya kuwa watani, na utani wao ulikuwa na majukumu: mtani anayekuja msibani na kuwachekesha wafiwa ndiye huyohuyo anayesaidia kazi za mazishi. Watani wa jadi wa Kariakoo, Simba na Yanga, wanatukanana mwaka mzima kwa sababu kila upande unajua mechi nyingine inakuja na zamu itageuka. Anayetania amejifunga. Amekubali kutaniwa, na amekubali kuwepo.

Mtandaoni kifungo hicho hakipo. Programu inakutafutia, tuseme, watu tisa usiowajua, mnacheza nusu saa, mnatawanyika. Tena programu hiyo inatafuta wa kiwango chako kwa makusudi, hivyo mchezaji wa kawaida hushinda karibu nusu ya mechi zake na kushindwa nusu nyingine, awe hodari au mbovu. Kila siku ana vipigo vya kuvitafutia maelezo. Kwenye timu ya watu watano, makosa ya wenzake wanne anayaona wazi na lake moja halioni, kwa sababu wakati analifanya alikuwa anatazama kwingine. Mkusanyiko wa namna hiyo ungezaa lawama hata miongoni mwa masheikh na mapadri.

Riot Games, wenye League of Legends, walilipima jambo hili kwa upana kuliko wengine. Mchezo wao ulianza mwaka 2009, na ndani ya muda mfupi ukawa na jina baya kwa matusi. Walidhani tatizo ni kikundi cha wahuni. Wakiwafukuza, mtaa utatulia. Walipochambua mazungumzo waliona kwamba wachezaji wachafu siku zote walikuwa kama asilimia 1, na uchafu waliouzalisha ulikuwa kama asilimia 5 tu ya wote. Sehemu kubwa ilitoka kwa watu wa kawaida waliokuwa na siku mbaya: aliyefokewa kazini, aliyekosa usingizi, aliyetoka kutukanwa kwenye mechi iliyopita. Ukiwafukuza hao wote hubaki na wa kucheza nao.

Wakafanya jaribio dogo ambalo mimi nalipenda kuliko adhabu zao zote. Mazungumzo kati ya timu pinzani waliyaacha, ila wakayazima kwa kuanzia. Anayeyataka aende kwenye mipangilio ayawashe mwenyewe. Kabla ya hapo wachezaji walikuwa wakisema zaidi ya asilimia 80 ya mazungumzo hayo ni mabaya. Wiki moja baadaye mabaya yalikuwa yamepungua kwa zaidi ya asilimia 30 na mazuri yameongezeka kwa karibu asilimia 35, ingawa watu waliendelea kuzungumza kwa kiasi kilekile. Kubonyeza mara mbili tatu kulitosha kumpa mtu nafasi ya kujiuliza anataka kusema nini.

Haikudumu. Oktoba 2021 Riot waliyazima mazungumzo hayo kwa kila mtu, na dharau ikahamia kwenye alama. League of Legends ina alama ya kuuliza ya kuwaonya wenzako kwamba adui katoweka. Mtu akifa kizembe, wenzake wanaimwaga ile alama juu ya maiti yake. Mwaka 2022 ikaongezwa alama ya chambo, ya kupangia mtego. Mwaka 2023 ikaondolewa, kwa kuwa kazi iliyopata ni hiyohiyo ya kumsuta aliyekufa.

Sauti ni suala lake lenyewe. Mwaka 2013 watafiti Jeffrey Kuznekoff na Lindsey Rose walichapisha jaribio lililofanywa ndani ya mchezo wa Halo 3, ambamo kauli zilezile zilizorekodiwa zilichezwa kwa sauti ya mwanaume na kwa sauti ya mwanamke. Sauti ya kike ilijibiwa kwa maneno mabaya mara tatu zaidi. Kazi iliyofuata mwaka 2015, ya Kuznekoff na Michael Kasumovic, ilionyesha jambo lenye kuaibisha zaidi: wanaume waliomshambulia mwenye sauti ya kike walikuwa hasa wale waliokuwa wakicheza vibaya. Waliokuwa wakicheza vizuri walikuwa wapole kwake. Ndiyo maana wachezaji wengi wa kike hawafungui kipaza sauti. Wanapoteza msaada wa timu kwa hiari yao, kwa kuwa gharama ya kusikika ni kubwa kuliko ya kushindwa.

Na wanaofungua? Usiku kwenye mchezo wa PUBG wa simu unasikia jogoo, feni, mtoto analia, na mama anaita kutoka jikoni, "We Hamisi, hiyo simu itakulisha? Njoo ubebe ndoo!" Hamisi hasemi neno, anadhani kazima. Kipaza sauti kilichoachwa wazi ni kero ya watu wote duniani, ingawa hii ya jikoni mimi naisamehe.

Nisichosamehe ni matendo. Tusi unaweza kulinyamazisha kwa kubonyeza. Aliyezima data akiwa nyuma mabao matatu huna la kumfanya. Kwenye michezo ya simu ndiyo kero ya kwanza kwa watu ninaowafahamu. Anafungwa la kwanza, anatulia. La pili, anaanza kusimamisha mechi. La tatu, mtandao wake unakatika ghafla. Mfumo ukimhesabia kashindwa ni afadhali, lakini muda wako na bando lako havirudi. Kwenye mchezo wa timu ni mbaya zaidi, kwa kuwa kaondoka mmoja na wanne waliobaki wanachapwa kwa niaba yake.

Halafu kuna wanaojificha. Hadithi yao inaanzia kwenye mchezo wa Warcraft II mwaka 1996, pale wachezaji wawili waliokuwa hodari mno walipokosa wa kucheza nao. Wakafungua majina mapya, PapaSmurf na Smurfette, wakawa wanajifanya wageni mpaka katikati ya mechi. Wakati ule kulikuwa na uchekeshaji ndani yake. Leo mtu anafungua akaunti mpya ili akawachape wanafunzi wa siku ya kwanza, halafu anaandika EZ. Ni kama bondia wa mkanda kwenda kujiandikisha kwenye mashindano ya shule ya msingi, na hapo sina utetezi wowote kwake.

Dawa iliyopendekezwa ni kuifanya akaunti iwe na gharama. Overwatch 2 ilipozinduliwa Oktoba 2022, Blizzard walidai namba ya simu, na laini za kulipia kabla zikakataliwa. Zogo likazuka Marekani kwenyewe, na masharti yakalegezwa kwa waliokuwa wakicheza toleo la awali. Mtu wa Afrika Mashariki akisoma hayo anacheka kwa uchungu. Huku karibu sote tunanunua vocha kwanza ndipo tupige, kwa hiyo kwa kipimo hicho mtaa mzima ni wahuni.

Umbali nao unachochea hasira ambazo wengine hawazijui. Mwanga ndani ya waya wa kioo husafiri takribani kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka Dar es Salaam hadi Frankfurt ni karibu kilomita 7,000 kwa mstari ulionyooka, hivyo hata kama waya ungenyooka kama rula, kwenda na kurudi kungekula milisekunde 70. Nyaya hazinyooki, zinapita baharini na kuzunguka. Anayecheza na watu wa Ulaya anapigwa risasi akiwa, kwa macho yake, tayari yuko nyuma ya ukuta. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika baharini, intaneti ilidorora Tanzania na nchi jirani kwa siku kadhaa, na michezo ya namna hiyo ikawa haichezeki. Kwa hiyo legi, yaani kuchelewa kwa mtandao, ni kweli. Ni kweli pia kwamba hakuna kisingizio kinachotumiwa vibaya kuliko hicho: wapo wanaolalamikia legi wakiwa banda moja, pedi zote mbili zimechomekwa kwenye mashine ileile.

Upo mchezo mmoja unaonipinga kuhusu wageni wanaokutana mtandaoni. Journey, uliotolewa mwaka 2012 kwa ajili ya PlayStation 3, unakukutanisha na mgeni mmoja jangwani. Humjui jina mpaka mwisho, huwezi kumwandikia wala kumsemesha. Una mlio mmoja tu. Hakuna ujirani hapo, hakuna benchi, na bado wachezaji wake wanajulikana kwa kusubiriana na kuonyeshana njia. Ila mbunifu wake, Jenova Chen, amesimulia kwamba katika majaribio ya awali wachezaji waliweza kugusana, na walichofanya ni kusukumana watumbukie. Akaondoa uwezo wa kusukumana. Akaweka badala yake kwamba mkikaribiana mnapeana nguvu ya kuruka. Basi ugeni peke yake hauzai ukorofi. Unahitaji pia kitu cha kugombania na njia rahisi ya kumuumiza mwenzako. Lakini nani atautengeneza mchezo wa soka usio na mshindi?

Huku kwetu watu wameshika njia nyingine bila kuambiwa na mtaalamu. Kampuni ya Konami ilipobadili jina la mchezo wake wa soka mwaka 2021 kuwa eFootball, unaopatikana bure kwenye simu, zilizuka ligi za makundi ya WhatsApp, mtaa kwa mtaa na chuo kwa chuo. Admini anapanga ratiba. Matokeo yanathibitishwa kwa skrinishoti. Anayezima data anahesabiwa kafungwa tatu bila, na akirudia anatolewa kwenye kundi, jambo linalouma kuliko adhabu ya kampuni kwa sababu kundi lina binamu zake. Kejeli humo ni nzito: stika za mpinzani akilia, sauti za dakika mbili za kumsimanga, picha ya matokeo inayowekwa tena kila asubuhi kwa wiki nzima. Aliyesimangwa anabaki, anangoja marudiano.

Ni banda la gemu lililohamia kwenye simu, pamoja na dhuluma zake. Admini anacheza kwenye ligi anayoisimamia, na mechi zake ngumu zina kawaida ya kuahirishwa. Mgeni asiyejulikana na mtu haingii. Msichana anaingia, lakini kabla ratiba haijatoka ameshapokea jumbe tatu za pembeni kutoka kwa watu wanaotaka kumfundisha kucheza, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza kama anajua. Akilalamika, admini anaandika kwenye kundi, "Tuheshimiane jamani." Naye ni mmoja wa wale watatu.